Maji Matamu Ngamani

Chombo cha baharini kikianza kuingiza maji, usikimbilie kutafuta tundu. Onja kwanza. Unashuka chini kabisa, mahali wanapopaita ngama, ndani ya tumbo la chombo ambako maji yote hukusanyika, unachovya kidole, unakiweka kwenye ulimi. Yakiwa ya chumvi, bahari imepata mlango. Yakiwa matamu, basi tangi lenu la maji ya kunywa linavuja, au mvua imepenya kutoka juu. Watu hawapendi kusikia hivyo, maana maji ya ngama ni machafu, yana mafuta ya injini na mende waliokufa, lakini njia nyingine ya haraka sijaiona. Nimeonja ya vyombo vingi, mpaka marehemu mke wangu akawa hakubali ninywee kikombe chake nikitoka kazini. Alinitengea changu, cha bati, akakifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe kisije kikachanganywa.

Mimi ni Mndengereko, lakini si mtu wa bahari. Nilikuwa fundi wa pampu pale Gerezani, ukivuka tu kutoka Kariakoo. Pampu za visima, pampu za malori, za ngama za majahazi, hata za majiko ya mafuta ya taa. Shule niliishia darasa la pili. Kuandika vizuri nimekuja kujua ukubwani, kwenye ngumbaru, ile elimu ya watu wazima, nimebanwa kwenye dawati la watoto pamoja na wazee wenzangu, magoti yanagonga kidevu. Kwa hiyo naandika kama ninavyozungumza, na nikitoka njiani nitarudi.

Palikuwa na bwana mmoja mwenye duka la kamba na vyuma hapo Kariakoo. Babu yake alikuwa Mshihiri, alikuja kutoka Arabuni, lakini yeye alizaliwa ghorofani juu ya duka lile lile, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Nyumba waliijenga wao. Kisha ukaja wakati majumba ya kupangisha yalipochukuliwa yakawa ya serikali, na wao wakabaki humo humo kama wapangaji. Sitaki kujifanya mtu mwema hapa: siku ile ilipotangazwa redioni nilipiga makofi. Mimi nilikuwa mtu wa chumba kimoja, nani angenilaumu? Lakini nilipokuja kumjua yule bwana, nikawa naona anavyopanda zile ngazi. Alizipanda taratibu, kama mgeni anayechelea kuwaamsha wenyeji.

Dukani nako bidhaa zilikuwa zinapungua. Leo misumari hakuna, kesho kamba hakuna, keshokutwa watu wamepanga foleni mtaa mzima kumbe ni foleni ya sabuni na wala si kwake. Basi akaamua kuondoka. Alikuwa na ndugu Mombasa, na wengine mbele zaidi huko Arabuni, akataka awachukue mke na watoto aende nao. Chombo alikuwa nacho. Ilikuwa boti ya tanga ya Kizungu, ya mbao, ya starehe, mtu analala ndani, anapika ndani, ina choo na makabati. Mwenyewe alikuwa Mzungu aliyefanya kazi bandarini, akarudi kwao akamwachia. Ilikuwa imekaa kwenye nanga upande wa pili wa Magogoni, ndani kidogo ya mkono wa bahari, miaka imeshapita, na mwani umeota mpaka unaonekana kama ndevu.

"Nataka ivuke bahari," akaniambia. "Kila kilichooza kitoke. Kila kisichokuwamo kiingie."

"Mimi fundi wa pampu, bwana."

"Pampu ndiyo itakayoniokoa au kuniua. Hayo mengine utajifunza."

Akaongeza jambo moja. Alikuwa na mama yake, bibi mkongwe, anakaa chumba cha mbele ghorofani, hashuki tena ngazi. Yule mama alishasema zamani kwamba yeye hahami Kariakoo, atatoka mle kwa jeneza. Kwa hiyo asiambiwe chochote. Siku ya mwisho mwanawe angemwambia mwenyewe, kisha angemwacha na mpwa wake. Aliposema hayo alikuwa anakaza kitanzi cha kamba ambacho kilikuwa kimeshakazwa.

Tukaanza kazi. Siku zile ukitaka kifaa cha boti usiulize duka la vifaa vya boti, halikuwapo. Ulikwenda Gerezani kwa wavunja magari ukatafuta kinachofanana. Waya zinazoshikilia mlingoti zilikuwa zimeliwa na kutu, nikaweka waya wa winchi niliotoa kwenye kreni iliyokufa. Taa zikatoka kwenye lori, betri kwenye trekta. Mpini wa winchi ya kuvutia tanga ulikuwa umevunjika, akafua mwingine mhunzi mmoja aliyekuwa anatengeneza majembe, na ukawa mzito kama jembe kweli. Pampu ya ngama ilikuwa ya mkono, ya shaba, nzuri sana, ila kiwambo chake, ile ngozi ya ndani inayovuta maji, kimekauka na kupasuka. Nikakata kingine kwenye mpira wa ndani wa tairi. Ilikuwa inavuta mpaka unasikia raha kwenye bega.

Bwana yule akija kukagua anauliza kila kitu.

"Hii waya itashika?"

"Hii ilikuwa inainua marobota ya pamba, bwana. Itashindwa na tanga?"

"Marobota hayana watoto ndani."

Nikaendelea kukaza boliti.

Sasa nije kwenye maji. Tulikuwa tumeshaipandisha boti mchangani maji yalipokupwa, tumekwangua, tumekalafati kila mshono kwa pamba na mafuta, tumepaka rangi, tumeirudisha majini. Ilikaa kavu kabisa. Kisha siku moja, mchana, jua linachemsha utosi, nikafungua ubao wa sakafu nikakuta maji. Si mengi, ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Nikachovya kidole, nikaonja.

Yalikuwa matamu. Na yalikuwa baridi.

Nikasema ni tangi. Boti ile ina tangi la maji ya kunywa chini ya kitanda. Nikalifungua, nikaingiza mkono mpaka begani. Kavu. Tulikuwa hatujawahi kulijaza tangu tuanze kazi, ndani mna vumbi la kutu na gamba la mjusi. Nikasema ni mvua, lakini ilikuwa kiangazi, hata michongoma ya uani kwetu ilikuwa imekauka. Nikapampu nje yote, nikafuta kwa tambara, nikarudisha ubao. Kesho yake yamerudi, kiasi kile kile.

Nilikaa siku nzima mle ndani bila kufanya kazi, nasikiliza. Chombo cha mbao hakinyamazi. Mbao zinalalamika, kamba zinagonga, maji yanabisha hodi ubavuni, na kinapovuja utasikia tone, au ule mluzi mdogo wa maji yanayojipenyeza. Pale sikusikia kitu. Nilikodoa macho kwenye ngama kavu, nikageuka kuchukua spana, nikageuka tena, maji yapo. Hayakuja, yalikuwapo tu. Na kuna jambo lingine ambalo lilinifanya nipande juu upesi. Pantoni ya kwenda Kigamboni ilipita, mawimbi yake yakatutikisa, boti ikalala huku na huku mpaka kopo la rangi likamwagika. Maji ya ngamani hayakutikisika. Yalitulia sawasawa, kama yamewekwa ndani ya nyumba.

Nilimweleza bwana. Akasema, "Tafuta tundu." Kwake yeye lilikuwa jambo moja tu. Chombo kinachoingiza maji na fundi hajui yanatoka wapi, utawapakiaje watoto? Siku alizopanga zilikuwa zinakaribia, alitaka aondoke baada ya Idi, kibali cha kwenda Mafia kutembea alikuwa ameshakipata, na kutoka Mafia ndiyo angenyoosha kaskazini. Kila siku alikuwa ananiuliza swali lile lile: "Niwapakie au nisiwapakie?" Kila siku nilikuwa namwambia asubiri.

Ikaingia Ramadhani.

Hapo pakawa na tabu ya aina yake. Nilitaka kujua kama ladha inabadilika, maana ladha ndiyo dalili peke yake niliyokuwa nayo. Nilimuuliza mwalimu wa madrasa mtaani kwetu, akasema mtu mwenye dharura ya kazi aonje kwa ncha ya ulimi ateme, koo tu lisipitishe. Sheria ilikuwa upande wangu. Lakini sikujiamini. Wewe fikiria, jua la Dar, mchana, umefunga, umeinama kwenye maji baridi matamu, halafu uteme? Nilijijua.

Jirani yangu wa Gerezani alikuwa Mchaga, Mkristo, anauza sufuria na ribiti, tulikuwa tunamwita Mangi kama tunavyowaita wenye maduka wote wa kutoka Kilimanjaro. Nikamwendea asubuhi.

"Mangi, umekunywa chai?"

"Na maandazi. Unauliza ili nikuonee huruma?"

"Nataka mtu ambaye hajafunga."

"Mbona mko wengi? Nenda pale kwa mama ntilie, nyuma ya pazia, utakuta viatu vya Waislamu tupu."

"Nataka asiyehitaji pazia. Nina kazi ya kuonja."

Akafunga duka haraka, alidhani ni pilau. Nilipomwambia ni maji ya chini ya boti tulikuwa tumeshafika Magogoni, na aibu ikamzuia kurudi. Tukavuka kwa kihori, ule mtumbwi mdogo wa watu wawili. Mangi ameshika kingo zote mbili, macho amefumba.

"Mndengereko, ukinizamisha, ukoo wangu utakuja kudai ng'ombe."

"Sisi hatufugi."

"Watachukua watoto wako wakalime migomba."

Alicheka mpaka tukapanda botini. Nikafungua ubao, akaangalia. Akapiga magoti, akachota kwa kiganja, na badala ya kuonja akanywa, funda zima. Kisha akabaki amepiga magoti hivyo hivyo, kiganja kiko mdomoni.

"Mmeyatoa wapi?"

"Hapo hapo."

"Hapana. Nakuuliza mmeyatoa wapi."

"Mangi, ni maji ya ngamani. Yana nini?"

"Yana moshi," akasema. "Si moshi wa kuni. Moshi mzuri. Haya yametoka ndani ya nyumba ya mtu." Akapangusa kiganja kwenye suruali, akapangusa tena, akawa anapangusa hata kilipokwisha kukauka. "Kuna mtu analala karibu na maji haya."

Sikumwelewa, wala yeye nadhani hakujielewa. Kurudi hakushika tena kingo za kihori, hofu ya bahari ilikuwa imemtoka. Alipofungua duka lake alifanya ishara ya msalaba kwanza. Tangu siku hiyo akawa hanitanii tena, ananisalimu kama mtu aliyefiwa.

Sasa, wiki ile ile mke wa bwana akaniita. Bomba la ghorofani halitoi maji. Lilikuwa halitoi kwa mtaa mzima, maji ya mgao siku zile, yanakuja yanapotaka, lakini bibi alisisitiza fundi apande alitazame. Nikapanda alasiri. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia chumba kile cha mbele. Kitanda kirefu, dirisha linatazama mtaani, makelele ya wapagazi na mikokoteni yanapanda kutoka chini. Pembeni mtungi mkubwa wa udongo umekaa kwenye kigoda chake, una kifuniko cha ukili na kata imening'inia ukutani. Bibi mwenyewe mdogo, mweupe, amejifunga kanga mbili, macho makali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Kaa."

Nikafungua bomba, nikajifanya nalitengeneza. Mke wa bwana akaingia na ndoo ya maji aliyoyapandisha kwa jasho, akaanza kumimina mtungini, huku ananilalamikia mimi kama fundi.

"Hebu tazama na hili. Mtungi huu siku hizi haushibi. Najaza asubuhi, adhuhuri uko nusu. Na sote tumefunga. Mama peke yake ndiye anakunywa, naye anakunywa kama ndege."

Udongo hutoa jasho, kila mtu anajua, ndiyo maana maji yanapoa. Lakini nusu mtungi? Nikainama nikapapasa chini ya kigoda. Sakafu ilikuwa kavu, ina vumbi. Nikapapasa tumbo la mtungi pande zote nikitafuta ufa. Mzima. Nilipokuwa bado nimeinama pale bibi akasema, taratibu, kama anayeuliza habari za mgonjwa:

"Na kile chombo, fundi? Bado kina maji?"

Mkewe akaacha kumimina. Tukatazamana.

"Chombo kipi, bibi?"

"Hicho mnachomtengenezea mwanangu."

Nani alikuwa amemwambia? Mwanawe hakuthubutu, mkewe nilimwona uso, watoto hawakuwa wanajua. Kutoka dirishani kwake huoni bahari, unaona mapaa ya bati.

"Kidogo tu, bibi," nikasema.

"Mbona mnayamwaga?"

Mkono wangu ulikuwa bado uko kwenye mtungi na nilihisi ubaridi wake unapanda mpaka kwenye kiwiko. Bibi akageukia dirishani, akasema nisiondoke, jua linakaribia kuzama, nifuturu kwao.

Ningekataa, lakini nyumba ya Kiislamu ikikwambia kaa ufuturu na wewe umefunga, utakwenda wapi? Mkeka ukatandikwa chumbani mle mle ili bibi naye awe pamoja nasi. Bwana akapanda kutoka dukani, akashangaa kuniona, akafurahi. Watoto wakakaa. Adhana ilipolia kutoka msikiti wa mtaa wa pili, tukachukua tende, na mkewe akachota maji mtungini kwa kata, akanipa mimi mgeni kwanza.

Nikanywa.

Nimefanya kazi ya kuonja maji karibu maisha yangu yote. Naweza kukosea sura ya mtu, hata jina la mtoto wa dada yangu nakosea. Maji sikosei. Yalikuwa yale yale. Ubaridi ule, utamu ule, na nyuma yake, ukishameza, moshi mwembamba wa ubani na udi unaobaki kooni. Wale mabibi wa zamani walikuwa wanafukiza mtungi kabla ya kuujaza, wanauinamisha juu ya chetezo mpaka moshi uingie kwenye udongo. Mimi kwetu hatukuwa na desturi hiyo, ndiyo maana nilipoyaonja botini sikujua ni nini.

Bwana akaniona nimeganda na kata mdomoni.

"Vipi, fundi, yana mchanga?"

"Hapana."

"Ila?"

Kutoka kitandani bibi akasema, "Anayajua hayo." Akaomba apewe tende laini.

Futari ile sikumbuki tulikula nini. Nakumbuka watoto waligombania sambusa, na kila mmoja alipokunywa nilikuwa namtazama koo. Nilipoaga, bwana akanisindikiza ngazini, nikamwambia. Alikasirika. Mtu mpole yule, lakini alinishika shati.

"Nimekupa kazi ya kuziba tundu. Sikukupa kazi ya kuniletea habari za mama yangu."

"Twende kesho ukaonje mwenyewe, bwana. Nikiwa mwongo nitakutengenezea boti nyingine."

Asubuhi tukavuka. Nilikuwa nimeyapampu yote siku mbili kabla. Nikafungua ubao, yapo, yametulia. Yeye akakunja kanzu, akashuka, akachuchumaa. Mimi nilidhani ataonja kwa ncha ya ulimi kisha ateme, kama nilivyomweleza maneno ya mwalimu. Akachota kwa viganja viwili, akanywa, akameza. Akachota tena, akanywa tena. Mchana wa Ramadhani, mtu mcha Mungu, hana ugonjwa wala safari.

Akakaa kwenye ubao, maji yanamdondoka ndevuni.

"Siku hii nitailipa," akasema. Sikujua anasema na mimi au na nani. Kisha akasema, "Nilipokuwa na homa, utotoni, alikuwa ananiamsha kuninywesha haya. Kwa kata ile ile." Akapangusa ndevu. "Usiyapampu tena, fundi. Acha."

Siku hiyo akamweleza mama yake kila kitu, habari ya boti, ya Mombasa, hata ya mpwa ambaye angeachiwa. Yeye ndiye aliyenisimulia. Alitegemea alie, au amlaani. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akasema hakuwa na nia ya kumzuia. Alichokuwa anaogopa ni watoto kuona kiu njiani. Bwana akamuuliza, "Mama, umeyafikishaje kule?" Bibi akamwambia amwekee mto mgongoni, mgongo unamuuma.

Kwa hiyo yule mama hakuwa anamkatalia. Ingekuwa ni kumkatalia, nadhani bwana angeondoka. Mtu anayekuvuta shati unaweza kumponyoka. Lakini huyu alikuwa amemfungia maji ya safari. Idi ikaja ikapita, kibali cha Mafia kikaisha muda wake, na bwana hakusema tena habari ya kuondoka. Aliniambia neno moja tu: boti ikae tayari, na yeye haondoki mama akiwa hai.

Nikawa mlinzi wake. Nilikuwa naenda mara kwa mara, napaka mafuta winchi, naichaji betri, nazungusha usukani usigande. Maji yalikuwa pale pale, kwenye kifundo cha mguu, hayakupanda wala kushuka. Jambo moja la ajabu: chuma kilicholala ndani yake hakikupata kutu. Spana niliyoidondosha mle nikaisahau, nilipoiokota miezi baadaye ilikuwa inang'aa kama mpya. Sikuipeleka kazini, nilimpa bwana, naye akaiweka juu kwenye kabati la duka ambako hakuna mteja angeomba kuinunua.

Watu wa Magogoni walikuwa wananiuliza kwa nini boti nzima hivyo haiendi popote. Mgambo mmoja akanisimamisha: "Ndugu, chombo hiki kinasubiri nini?" Nikamwambia kinasubiri vipuri. Kila kitu kilikuwa kinasubiri vipuri siku zile, akaniachia.

Bibi alifariki wakati wa masika, asubuhi, wakati maji ya mgao yalipokuwa yamefunguliwa na mtaa mzima uko bombani. Tulimzika Kisutu. Nilishika jeneza kwenye ngazi zile, ni nyembamba, ilibidi tuliinue karibu liwe wima, na bwana alikuwa chini anapokea, anasema "taratibu, taratibu" ingawa hakuna aliyekuwa na haraka.

Hitma ilipokwisha tukavuka wote wawili. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi ile. Hata kabla sijafungua ubao niliyasikia, yanagonga huku na huku chini ya miguu yetu, na harufu ilitupokea mlangoni, mafuta na uozo wa kawaida wa chombo. Nikainua ubao. Maji meusi, mengi kuliko siku zote, yanacheza na kila wimbi. Nikachovya kidole.

Bwana alikuwa amesimama kwenye ngazi ya kushukia, hakutaka kuja karibu.

"Yakoje?"

"Chumvi."

"Onja tena."

Nikaonja tena. "Chumvi, bwana."

"Mvua ilinyesha usiku kucha. Onja vizuri."

Nilimwona anavyonitazama, na laiti ningekuwa mtu wa kusema uongo kwa kazi yangu ningeusema hapo. Nikatikisa kichwa. Akashuka mwenyewe, akachovya, akaweka ulimini, akatema. Akashika mlingoti mahali unapopita ndani, kisha akasema, "Basi. Tafuta tundu."

Nililiona haraka sana. Bomba la choo linapotokea nje ya ubavu, mpira wake umechoka, bahari inaingia pale kwa matone mazito ambayo hata mtoto angeyasikia. Nikakata mpira mpya, nikakaza boliti, nikapampu yote nje, tukakaa tunatazama. Ngama ikabaki kavu. Nikamwambia, "Sasa wapakie."

Waliondoka masika yalipokwisha. Tangi tulilijaza kwa ndoo, maji ya bomba la Magogoni, na kabla hawajang'oa nanga watoto walishaanza kulalamika kwamba yana ladha ya bati. Baba yao akawaambia ndiyo hayo hayo, wanywe.